Chakula cha Mchana Kilichokatizwa

9 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kauli, na ninalotaka kukueleza halielezeki kwa vipande. Barua huwezi kuikatiza. Unaweza kuichana tu, na hata ukiichana najua utakuwa umeshaisoma.

Kwanza habari za huku. Wifi yako hajambo. Mgongo unamsumbua baridi ikizidi lakini mdomo u mzima, na anauliza kama zile soksi alizokufumia zimekutosha. Mwanetu mkubwa amehamishiwa ofisi ya mbali. Siku hizi salamu zake za Jumapili zinatufikia Jumatano. Mimi nimestaafu kwa karatasi tu. Vijana wa karakana bado wananiita nikawaonyeshe namna ya kushona migongo ya vitabu, kisha nikigeuka wanatumia gundi. Nawajua.

Mwezi uliopita nilisafiri. Kuna chuo ambacho maktaba yake iliingiwa na maji, wakatafuta fundi mzee wa kujalidi vitabu aje kuwafundisha watu wao. Sikukuaga kwa sababu ungeniuliza chuo kiko wapi. Kiko mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka mji tuliozaliwa. Basi, sasa nimekuambia.

Kazi ilipoisha, mkuu wa maktaba na mumewe wakasema hawataniacha niondoke bila kuuona mji wangu. Walikuwa wameshaweka meza ya mchana kwenye mgahawa ambao, kwa maneno yao, mgeni wa heshima asipopelekwa huko mwenyeji amejiaibisha: mapishi ya nchi tatu nne yamechanganywa kwenye sahani moja, na watu wanapanda ndege kuja kula. Nilikubali. Niliingia kwenye gari kama mzigo. Tulipokata kona ya duka la dawa, ambalo sasa linauza simu, nikashika mpini wa mlango. Gari likasimama.

Dada, umeshajua limesimama wapi.

Nyumba imepakwa rangi nyeupe. Mlango wa mbele ni ule ule alioupiga randa Baba. Wameukwangua na kuupaka mafuta, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mlangoni amesimama mlinzi mwenye suti. Akaniambia, "Karibu sana, mzee." Nikamjibu asante. Nilisema asante kukaribishwa kwenye mlango wa baba yangu, na neno hilo bado linaniwasha ulimini.

Meza yetu ilikuwa juu, ndani ya chumba cha cherehani. Ukuta wa upande wa bustani wameuvunja wakaweka kioo kitupu. Pale alipokuwa akikaa Mama kushona kuna meza ndogo ya wapenzi, yenye mshumaa unaowaka mchana kweupe.

Lakini nimeruka ngazi. Unakikumbuka kile kidato cha karibu na juu? Baba, seremala aliyeitwa na mji mzima kupima milango ya watu, ngazi ya nyumbani kwake akaikosea. Kidato kimoja kikawa kirefu kuliko wenzake, naye akakataa katakata kukirekebisha. Akasema mwizi akija atajikwaa na sisi tutaamka. Basi kipo, na mgahawa umemweka mhudumu asimame pale, kazi yake kuwaambia wageni, "Tafadhali, mguu hapa." Mkuu wa maktaba aliambiwa, na bado akajikwaa. Mumewe akajikwaa. Mimi nilikuwa nyuma yao nikiongea, na mguu wangu ukainuka wenyewe kabla yule mhudumu hajafungua mdomo.

"Mzee umeshawahi kuja hapa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Zamani."

"Zamani gani? Mimi nipo tangu mgahawa unafunguliwa."

"Kabla haujafunguliwa, mwanangu. Kabla wewe hujafunguliwa macho."

Akacheka, akashuka kwenda jikoni kusema.

Kwanza ililetwa supu ndani ya kikombe cha kahawa. Kisha samaki, kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, juu ya jiwe jeusi, kimezungukwa na povu la kijani. Mhudumu akatueleza kwa sauti ya mtu anayesoma wosia kwamba samaki amechomwa kwa mtindo wa nchi moja, amelazwa kwenye viungo vya nchi nyingine, na povu limetokana na majani ya mlimau. Mume wa mkuu wa maktaba akauliza povu linaliwa au linatazamwa. Baadaye nyama, nyekundu katikati kama imetoka kujikata yenyewe, na maua madogo ya zambarau pembeni. Baadaye tena wali, punje zimekaangwa mpaka zikawa kama shanga.

Mpishi mkuu akapanda kuja mezani. Ni msichana, angeweza kuwa mjukuu wako. Akainama karibu yangu. "Babu, nimeambiwa unaifahamu nyumba hii."

"Hapo ulipoweka mshumaa," nikamwambia, "mama yangu alishona sare za watoto wa mtaa mzima."

Akashika mdomo. Sidhani alikuwa anaigiza. Akasema, "Basi leo wewe ni mgeni wetu, hulipi chochote."

"Binti, katika nyumba hii mgeni ni wewe. Niletee bili."

Mkuu wa maktaba, maskini, maji yakampalia.

Nyuma ya menyu wameandika habari za nyumba. Wanasema ilijengwa na seremala hodari ambaye baadaye alihamia ng'ambo pamoja na familia yake kutafuta maisha bora.

Naishia hapa. Wifi yako anataka kuzima taa.

Kitinda


2 Machi

Kitinda,

Marahaba. Soksi zimenitosha, mwambie wifi namshukuru, ingawa ya kushoto imefumwa kwa mguu wa mtu mwingine. Mjukuu wangu amepata nafasi chuo cha uuguzi. Nilimwambia mimi nilianza ukunga bila chuo, akanijibu ndiyo maana nilikuwa nawafokea wazazi. Goti langu liko vile vile. Jirani mwenye mbwa amehama, mbwa kamwacha.

Nimeisoma barua yako. Umeandika supu. Umeandika samaki, jiwe na povu. Umeandika nyama ilikuwa na rangi gani na mume wa nani aliuliza nini. Katika karatasi zote hizo hukuandika kama uliweka kitu mdomoni.

Siku ile ulikuwa mdogo lakini hukuwa mtoto wa kubebwa. Kapteni alikuja na watu wake wakati Mama anapakua. Wakatuambia nyumba si yetu tena, tufunge mizigo. Na sisi tukifunga, wao wakaketi kwenye meza yetu, wakala wali na samaki wa Mama kwa sahani zetu, na mmoja akaomba aongezewe. Mama akamwongezea kwa sababu bunduki ilikuwa imelala mapajani mwa huyo mtu. Baba alikuwa amesimama ukutani ameshika mto, sijui kwa nini mto. Tulipofika langoni Mama akageuka akasema, "Mtu wangu asile tena humo." Hakusema mpaka lini. Hakusema isipokuwa awe ameletwa na watu wa maktaba.

Baba alikufa hajala humo. Mama alikufa hajala humo. Mimi nimelibeba neno hilo nchi mpaka nchi.

Usinielezee tena sahani. Nijibu neno moja. Ulikula?

Dada yako


21 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo tena, na hongera kwa mjukuu wetu. Mwambie kufoka ni nusu ya ukunga, nusu nyingine atafundishwa. Huku theluji imeanza kuyeyuka, na kila mwaka ikiyeyuka jirani yetu wa chini hugundua upya kwamba ana baiskeli. Wifi yako anasema soksi ni sawa, mguu wako ndio umekosewa. Sikutaka kukupa ujumbe huo, amesimama nyuma ya kiti changu.

Najua unairuka mistari hii kutafuta neno lako. Soma taratibu, lipo.

Kuna jambo limezuka. Nyumba si mali ya yule binti mpishi, amepanga tu. Kapteni amekwishakufa, na mwenye jengo sasa ni mwanawe. Binti alimsimulia habari zangu kwa nia njema, na huyo bwana ameniandikia. Barua yake imechapwa vizuri, karatasi nzito, pambizo pana. Kama fundi sina la kumkosoa. Mwezi wa Juni mgahawa unafanya sherehe ya kutimiza miaka kumi. Anataka mimi na "wanafamilia waliobaki" tuje, kwa gharama yake, tukate keki pamoja naye juu ya ngazi, tupigwe picha. Anasema yaliyopita yamepita na kwamba chakula huunganisha watu. Nimeisoma barua hiyo kama ninavyosoma kitabu kabla ya kukijalidi, ukurasa kwa ukurasa, kuona kama kuna kilichochomoka. Neno samahani limechomoka. Hata nafasi wazi haikuachwa kwa ajili yake.

Sijamjibu. Nakungoja wewe.

Sasa neno lako. Nilikula.

Nilikula supu. Nilikula samaki, na povu lake, ambalo halina ladha zaidi ya ile ya kumsogelea mtu aliyetoka kunyoa. Nilikula ile nyama mbichi na maua yake. Nilipoletewa wali niliomba kijiko kikubwa, wakasema hawana, nikasema watafute, wakapata. Niliomba mkate nikafutia sahani. Wenyeji wangu walidhani ni njaa ya safari.

Na sikula kwa kusahau. Kila tonge nilikuwa namwona Mama langoni. Lakini wewe unakumbuka lango, Dada, kwa sababu wewe ulikuwa umembeba mtoto wa shangazi na ulitoka wa kwanza. Mimi nakumbuka meza. Nilikuwa nimeshanawa. Nilikuwa nimeketi. Sahani yangu ilikuwa mbele yangu, imeshapakuliwa, mvuke unatoka, na mtu mwenye buti akaivuta upande wake bila hata kunitazama. Tangu siku hiyo nimekula kwenye meza za watu waliosema karibu, na kwenye meza za watu wasiosema, na kote huko nimekula kwa viwiko vilivyobana mbavuni. Siku ile kwenye chumba cha cherehani niliweka viwiko mezani. Sikuanza chakula kingine humo. Nilimalizia kile nilichokatizwa.

Na kabla sijaondoka nilisema. Nilishika ile menyu, nikamwambia binti mpishi kwa sauti ya chumba kizima, "Hapa mmeandika tulihamia ng'ambo. Hatukuhamia. Tulitolewa humu, chakula kikiwa mezani, na waliotutoa wakakila." Meza ya pembeni wakaweka uma chini. Mtu mmoja akaomba bili.

Ukiita hiyo kuvunja neno la Mama, iite. Mimi sikuombi msamaha kwa sababu sijioni mkosaji.

Mdogo wako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yangu ya Machi hukuijibu. Simu unaiacha ilie mpaka ichoke. Nimempigia mjukuu, ananiambia unakula, unatembea, unagombana na muuza mboga kama kawaida, na kwamba barua zangu zipo chini ya mto wako. "Bibi amenuna tu," anasema. Tu! Yeye hajawahi kununiwa na wewe. Mimi nilinuniwa mwaka mzima kwa sababu ya mwavuli.

Habari za huku ni chache. Wifi yako amefanyiwa upasuaji wa jicho na sasa anaona vumbi lote ambalo kwa miaka nilimwambia halipo.

Nilikungoja mpaka nikaona siku zinakwisha, basi nimemjibu mtoto wa Kapteni bila wewe. Nakunakilia nilichomwandikia, chote: "Bwana, sitakuja kwenye sherehe yako, na dada yangu hatakuja. Hatukati keki na mtu ambaye hajasema baba yake alifanya nini. Nyumba ilijengwa na baba yangu. Siku utakayotaka kulisema hilo mbele ya watu, niandikie. Kabla ya hapo usitutaje."

Binti mpishi naye ameandika, mwandiko wa haraka, karatasi ina doa la mafuta. Aliniomba nimpe maneno ya kuweka nyuma ya menyu badala ya yale ya uongo. Nikampa: kwamba familia iliyojenga nyumba hii ilitolewa kwa nguvu wakati wa chakula cha mchana. Akanijibu kwamba akichapa hivyo mwenye jengo atamvunjia mkataba, na ana wapishi na wahudumu wanaomtegemea. Nikamwambia hilo ni lake la kuamua. La kwangu nimeshalisema. Sikumlaumu, wala sikumwondolea mzigo.

Dada, ninakujulisha jambo, si kukuomba. Agosti nitakwenda tena. Si kwenye sherehe ya mtu. Siku ya kawaida, mchana, kama mtu anayerudi nyumbani kula. Nitaketi chumba cha cherehani, nitakula, na atakayekaa meza ya karibu atasikia kilichotokea humo, apende asipende. Mwakani nitakwenda tena, miguu ikiruhusu. Huyo bwana hawezi kunizuia na wewe huwezi.

Nilitaka tu ujue kwamba kiti cha pili kitakuwa wazi.

Mdogo wako


8 Aprili

Kitinda,

Umekula. Vizuri umekiri, maana ungekana ningejua.

Una maneno mengi kwa sababu umeishi na vitabu. Kumalizia, kukatizwa, viwiko. Mimi nimeishi na wanawake wanaojifungua, na najua mtu anapolia na anapojililia. Mama alisema asile mtu wake humo. Hakuweka kidirisha cha wewe kupitia. Umemlipa mtu ili akupe nafasi kwenye nyumba yako, ukanunua mvuke na povu, ukafuta sahani kwa mkate, kisha unaniandikia mimi kana kwamba umeukomboa mji.

Unasema nilikuwa langoni. Nilikuwa langoni kwa sababu kulikuwa na watoto wa kutolewa, na wewe ulikuwa umeganda kwenye kiti unaitazama sahani. Nilirudi ndani kukuchukua. Hilo hulikumbuka? Nilipita katikati ya wale watu nikakushika mkono nikakunyanyua. Sikuitazama meza.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.


19 Juni

Kitinda,

Hiyo ya juu niliiandika Aprili nikaikunja nikaiweka. Naituma na hii ili ujue nilikuwa nimefika wapi. Siifuti. Kila neno lililomo bado ni langu.

Mjukuu ameanza chuo, amenikata nywele kwa mazoezi ya kuhudumia wagonjwa, nimefanana na Baba. Goti limeongezwa dawa. Wifi mpe pole ya jicho, na mwambie asikuamini habari za vumbi.

Juzi, kabla usiku haujaingia, tumekaa na mjukuu, akaniambia, "Bibi, njoo uone." Kwenye simu yake kulikuwa na gazeti la kule. Sherehe imefanyika. Picha inamwonyesha mtoto wa Kapteni amesimama kwenye ngazi ya Baba, tai shingoni, kisu cha keki mkononi. Shavu lile lile la baba yake. Ningelitambua hata kwenye moshi. Na chini wameandika alichosema: kwamba familia ya zamani ya nyumba hii inaishi ng'ambo, kwamba mmoja wao alikuja kula hivi karibuni akafurahi sana, na wengine, ingawa umri haukuwaruhusu kusafiri, wametuma baraka zao.

Nikamwambia mjukuu anisomee tena. Akanisomea. Baraka zao.

Nilitoka nje nikasimama. Mjukuu alidhani nimepatwa na presha. Sikuwa na presha. Nilikuwa nahesabu moyoni mambo yote niliyoyaacha kwa ajili ya neno la Mama. Nilikataa kurudi hata kuangalia makaburi ya babu. Nilikataa kuutaja mtaa wetu mbele ya wanangu. Nilidhani nikikaa mbali na ile nyumba, kukaa kwangu mbali kunasema kitu. Kumbe kule hakukusikika kitu. Kwangu kilikuwa kiapo, kwake ni ajuza mmoja mgonjwa anayetuma baraka. Nimejinyima chakula humo maisha yangu yote, na yeye ameniwekea maneno kwenye mdomo huo huo uliojinyima.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mtu, na usinihurumie, maana nitajua kwa mwandiko wako. Mimi nilifika pale kabla yako. Mgonjwa wangu mmoja tajiri aliponilipia safari ya kwenda kumzalisha bintiye nchini kwetu, nilijipa siku moja, nikapanda basi. Sikutaka kula. Nilitaka kuona kama mlango upo. Nilikuwa na viatu vyangu vya kazi na mfuko wa nguo. Mlinzi akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mama, umeweka meza kwa jina gani?" Nilisimama mbele ya mlango wa baba yangu sikuwa na jina la kumpa. Nikasema nimepotea njia. Akanielekeza kituo cha basi. Akanielekeza, Kitinda, kwenye mtaa wetu.

Hivyo usidhani nilikukasirikia kwa ajili ya Mama peke yake. Wewe ulipita.

Hoja yako ya kumalizia chakula sijaikubali. Ni hoja ya mwanasheria, na nitakuambia mezani kwa nini ni mbovu. Neno la Mama naliheshimu kuliko wewe. Lakini Mama alilisema kwa watu waliokuwa na bunduki, siku ambayo kila mtu mtaani alijua kilichotokea. Hakuwahi kufikiri itafika siku wataupamba uongo kwa keki na kusema sisi tumebariki. Angefikiri, asingetuambia tusile. Angetuambia twende tukakae mpaka mtu aseme ukweli.

Jana asubuhi nilimwambia mjukuu apige namba ya mgahawa na anipe simu. Akapokea kijana mwenye sauti laini. Nikamwambia nataka meza ya mchana, Ijumaa ya pili ya Agosti, chumba cha juu upande wa kioo. Akasema chumba hicho kinaombwa sana. Nikamwambia nami nakiomba sana. Akatafuta, akapata.

"Niandike kwa jina gani, mama?"

"Andika wenye nyumba."

"Samahani, wenye nyumba gani?"

"Hiyo uliyomo."

Nikasikia anaweka mkono kwenye simu, wananong'ona. Kisha ikaja sauti nyingine, ya msichana. Hakujitambulisha lakini nilijua ni yule mpishi wako, kwa sababu nyuma yake masufuria yalikuwa yanagongana. Akasema, "Nimeandika, mama. Wenye nyumba. Kwa wino." Nikamwambia awaeleze wageni wa meza za jirani waje na masikio yao, maana mimi ni mkunga, sauti yangu imezoea kushinda kelele za wanawake wenye uchungu, na kile chumba ni kidogo. Na kama mwenye jengo atataka kumvunjia mkataba, siku hiyo awepo, aje atuvunjie sisi mbele ya watu.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Tunawauliza wageni wote, mama, usinielewe vibaya. Kuna chakula chochote ambacho hamli?"

Nikamwambia hakuna.

Dada yako